Meneja Akafukuzwa, Timu Ikashinda: Mfuatano, Sababu na Swali la Kubadilisha Meneja Katikati ya Msimu

0. Utangulizi

Tuanze na sentensi moja: Meneja akafukuzwa, timu ikashinda. Kiambishi -ka- kinafanya hapa kazi tunayoijua tangu mwaka wa kwanza: kinapanga matendo, hili kisha lile. Sarufi ya E. O. Ashton ya 1944 inakieleza hivyo, na walimu wetu wanakifundisha hivyo. Hakuna popote ambapo -ka- inadai kwamba tendo la kwanza limezaa la pili. Hata hivyo, msikilizaji husikia zaidi ya kinachosemwa. Mwambie mtu "akanywa dawa, akapona", naye ataondoka akiamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Sarufi imempa mfuatano. Sababu ameiongeza mwenyewe.

Mara nyingi nyongeza hiyo haina madhara. Lakini kuna mahali ambapo inamgharimu mtu kazi yake, na klabu msimu wake. Katika makala haya ninachukua swali moja la michezo: timu ya besiboli inayofanya vibaya ibadilishe meneja wake katikati ya msimu wakati gani? Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu linategemea sentensi tunayoweza kuikamilisha kwa haki. Sentensi ya -ka- haitoshi. Inahitajika sentensi inayojibu swali ambalo sisi wa Lubumbashi tunaliuliza kila siku mtaani: juu ya nini?

Nimechagua besiboli ya Marekani badala ya kandanda yetu kwa sababu mbili. Kwanza, kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo tuna mifano ya kutosha kabla na baada ya mabadiliko. Pili, msomaji anayeshabikia Mazembe au Lupopo huenda tayari ana kocha ambaye angependa aondoke leo jioni. Tukiangalia mchezo wa mbali tutafikiri kwa utulivu zaidi.

1. Vyeo viwili, vitenzi tofauti

Katika besiboli anayeongoza timu uwanjani haitwi kocha mkuu, anaitwa meneja. Wakanada wa Quebec, wanaoueleza mchezo huo kwa Kifaransa, humwita gérant. Huvaa jezi kama wachezaji wake. Juu yake yupo meneja mkuu, ambaye hukaa ofisini. Majina ya vyeo hivi yanafanana, lakini vitenzi vyake havifanani. Meneja hupanga nani apige na kwa zamu ipi, huamua mrushaji gani aanze, humtoa mrushaji aliyechoka na kumwingiza wa akiba, humpumzisha mchezaji, na husema na kikosi. Meneja mkuu husajili, huuza, hubadilishana wachezaji na klabu nyingine, na huwapandisha vijana kutoka timu za chini. Kupiga na kurusha mpira ni vitenzi vya wachezaji peke yao.

Tuuweke mgawanyo huu akilini, kwa kuwa hoja yote itausimamia.

2. Jozi ya mwaka 2022

Tunapotaka kujua kama sauti fulani inabadilisha maana, tunatafuta maneno mawili yanayolingana katika kila kitu isipokuwa sauti hiyo: pata na bata. Msimu wa 2022 unatupa jozi inayokaribia hiyo, ila kwa upande wa pili: tendo ni lilelile, matokeo ni tofauti.

Tarehe 3 mwezi wa 6, Philadelphia Phillies walimwachisha kazi Joe Girardi. Walikuwa wameshinda mechi 22 na kupoteza 29. Siku nne baadaye, Los Angeles Angels walimwachisha Joe Maddon, wakiwa wameshinda 27 na kupoteza 29, baada ya kupoteza mechi 12 mfululizo. Wote wawili walikuwa watu wenye sifa: Girardi aliwahi kutwaa fainali ya World Series na New York Yankees mwaka 2009, na Maddon na Chicago Cubs mwaka 2016. Wote wawili walirithiwa na msaidizi wao: Rob Thomson kwa Phillies, Phil Nevin kwa Angels.

Chini ya Thomson, Phillies walishinda 65 na kupoteza 46, wakafika World Series, ambako walishindwa na Houston Astros. Chini ya Nevin, Angels walishinda 46 na kupoteza 60, na ule mfululizo wa kupoteza ukafika mechi 14 kabla ya kukatika. Kwa asilimia, Phillies walipanda kutoka 43 hadi 59 za ushindi, na Angels wakashuka kutoka 48 hadi 43.

Anayesimulia kisa cha Phillies peke yake ana hadithi nzuri ya -ka-. Akikiweka kando ya kile cha Angels, hadithi inampotea mikononi. Yapo mambo mengine yaliyotokea katika miezi hiyo. Angels walimpoteza Anthony Rendon kwa upasuaji wa kifundo cha mkono, na Mike Trout akakaa nje zaidi ya mwezi mmoja kwa maumivu ya mgongo. Majeraha peke yake hayaelezi yote, kwa maana Phillies nao walimkosa Bryce Harper kwa miezi miwili baada ya kuvunjika kidole gumba. Lakini tarehe 2 mwezi wa 8, katika mabadilishano mawili tofauti, mrushaji Noah Syndergaard na mchezaji Brandon Marsh walitoka Angels kwenda Phillies. Timu moja ilijiongezea nguvu kutoka mfukoni mwa nyingine. Kitenzi hapo ni kubadilishana wachezaji, na mtenda wake yuko ofisini.

3. Kisa cha asiyefukuzwa

Hadithi za kufukuzwa zina kasoro moja kama data: zinawaacha nje wale ambao hawakufukuzwa. Ni sawa na kuchunguza kauli ya kutendwa bila kuangalia hata sentensi moja ya kauli ya kutenda.

Mwaka 2019, Washington Nationals walifika mechi ya 50 wakiwa wameshinda 19 na kupoteza 31. Hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya Phillies na ya Angels. Wengi walidai meneja Dave Martinez aondolewe. Mapema mwezi wa 5 klabu ilikuwa imembadilisha kocha wa warushaji, lakini meneja ikambakiza. Katika mechi 112 zilizobaki, Nationals walishinda 74 na kupoteza 38, kisha wakatwaa World Series.

Sasa fikiria kwamba klabu ingemfukuza Martinez siku ile, na mrithi wake akapata matokeo yaleyale. Leo tungefundishwa kisa hicho kama ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kufukuza kunaponya. Ushindi ungekuwa uleule. Sababu tungeibandika sisi.

4. Bonde na mlima

Kwa nini basi timu nyingi huonekana kupona baada ya meneja kuondoka? Ni kwa sababu ya wakati ambao uamuzi hufanywa. Hakuna anayemfukuza meneja timu ikiwa katika hali yake ya kawaida. Anafukuzwa timu ikiwa chini kabisa ya bonde. Aliye chini kabisa ya bonde, akipiga hatua upande wowote, anapanda.

Mfano ulio wazi ni Colorado Rockies wa 2025. Walipomwachisha Bud Black mwezi wa 5, walikuwa wameshinda mechi 7 na kupoteza 33, yaani ushindi wa chini ya asilimia 18. Kwa mechi zilizobaki walishinda 36 na kupoteza 86, karibu asilimia 30. Ukipenda, sema wamepanda sana. Lakini walimaliza msimu wakiwa wamepoteza mechi 119. Kiwango cha mwanzo kilikuwa kibaya kiasi kwamba hata timu dhaifu ingekipita.

Kuna kipimo kinachosaidia kutenganisha bahati na udhaifu. Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, alipendekeza tulinganishe alama timu inazopata na alama inazofungwa: chukua mraba wa alama zilizopatikana, ugawanye kwa jumla ya mraba huo na mraba wa alama zilizofungwa. Jibu linakaribia sehemu ya mechi ambazo timu ingestahili kushinda. Timu iliyopata alama 220 na kufungwa 220 ingestahili nusu ya mechi zake. Ikiwa katika mechi 50 imeshinda 20 tu badala ya 25, basi mechi tano hivi zimepotea kwa tofauti ndogo. Hapo kuna maelezo mawili: bahati mbaya, ambayo mrithi hawezi kuiongoza, au maamuzi ya dakika za mwisho, hasa ya kubadilisha warushaji, ambayo ni ya meneja. Kwa upande mwingine, timu iliyopata alama 150 na kufungwa 300 inashindwa kwa sababu ni dhaifu, na udhaifu huo ulisajiliwa.

5. Nani mtenda?

Kipimo ninachopendekeza ni cha kisarufi. Andika sentensi: Timu inashindwa kwa sababu... Kisha tazama mtenda wa kitenzi kinachofuata. Ukiandika "wapigaji wake wanne wameumia", mtenda si meneja. Ukiandika "haina warushaji wa kutosha", anayewatafuta ni meneja mkuu. Ukiandika "anamchosha mrushaji mmoja kila siku na kuwasahau wengine", hapo mtenda ni meneja, na hoja ya kumbadilisha imeanza.

Kipimo hiki hupunguza mwanga wa hata hadithi tunazozipenda. Mwaka 2003 Florida Marlins walimwondoa Jeff Torborg wakiwa wameshinda 16 na kupoteza 22. Akaja Jack McKeon, mzee wa miaka 72, akashinda 75, akapoteza 49, na timu ikatwaa World Series. Ni -ka- nne za kupendeza. Lakini siku mbili kabla ya McKeon kuteuliwa, mrushaji kijana Dontrelle Willis alicheza mechi yake ya kwanza katika ligi kuu, na mwezi wa 6 akafuata Miguel Cabrera. Sidai kwamba mzee yule hakufanya kitu. Ninasema tu kwamba sentensi hiyo ina watenda wengi.

Kwa upande wa pili, kuna hali ambapo vitenzi vya meneja vimeacha kufanya kazi. Mwaka 1978 New York Yankees hawakuwa timu mbaya: chini ya Billy Martin walikuwa na ushindi 52 dhidi ya 42. Lakini mwezi wa 7 Martin alimpa amri nyota wake Reggie Jackson, Jackson akaendelea na lake, akasimamishwa, na maneno kati ya meneja, mchezaji na mmiliki George Steinbrenner yakawa ya uadui. Tarehe 24 Martin alijiuzulu. Bob Lemon, mtu mpole, alishinda 48 na kupoteza 20, na Yankees wakatwaa taji. Hapa pia kuna mengine: majeruhi walirudi, na magazeti makubwa ya New York yaliingia mgomoni kuanzia mwezi wa 8, kwa hiyo kelele zikapungua. Hata hivyo sentensi ya sababu inakamilika bila kulazimishwa. Kuamuru ni kitenzi cha meneja, na amri haikusikilizwa tena. Mabadiliko yalihitajika hata kama timu ingeishia nafasi ya tatu.

6. Kufukuza kama usemi

J. L. Austin alitufundisha kwamba kuna semi zinazotenda. Nadhani kuna pia matendo yanayosema. Mwaka 1988 Baltimore Orioles walimfukuza Cal Ripken mkubwa baada ya mechi 6 tu, zote walizozipoteza. Frank Robinson akachukua timu na kupoteza 15 zilizofuata. Msimu ukaisha kwa ushindi 54 na kupoteza 107. Mechi 6 kati ya 162 haziwezi kuthibitisha lolote kuhusu meneja. Kufukuzwa kule kulikuwa ujumbe kwa mashabiki: tumeona, tumekasirika kama ninyi.

Ujumbe unaweza kuwa na haki yake, lakini usichanganywe na tiba. Na kama ni ujumbe kuhusu makosa, uwataje wote. Nationals walipomwachisha Martinez mwezi wa 7 mwaka 2025, walimwachisha siku hiyohiyo na Mike Rizzo, aliyekuwa meneja mkuu. Tuwakubalie au tusiwakubalie, walau sentensi yao haikuficha mtenda mmoja nyuma ya mwingine. Kauli ya kutendwa, "meneja amefukuzwa", hurahisisha maficho hayo: haimtaji aliyefukuza, wala aliyesajili.

7. Hitimisho

Kutokana na mifano hii, ninaona kwamba timu ibadilishe meneja katikati ya msimu pale masharti manne yanapokutana. Kwanza, timu iwe inafanya vibaya kuliko uwezo ambao alama zake zinaonyesha, au meneja awe amepoteza sikio la wachezaji. Pili, kosa liweze kutajwa kwa kitenzi ambacho meneja ndiye mtenda wake. Tatu, mrithi awepo tayari, na iweze kusemwa ni kitu gani hasa atafanya tofauti kuanzia mechi ijayo. Nne, zibaki mechi za kutosha ili tofauti hiyo iwe na faida. Sharti la kwanza au la pili likikosekana, timu ivumilie, au imtafute mtenda halisi ofisini.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, somo linavuka uwanja wa michezo. Wanahistoria, waandishi wa habari na wanasiasa husimulia kwa -ka-: waziri akaja, bei zikashuka, mkuu akaondoka, shule ikainuka. Sarufi inawaruhusu, na masimulizi bila -ka- yangekuwa makavu. Kazi yetu ni kuusikiliza mfuatano kama mfuatano, kisha kumuuliza msimulizi kwa adabu: juu ya nini?