Nenda Jambiani kwa Tarehe ya Mwezi

Nilikulia Mwanza, mbele ya ziwa ambalo ukiliaga jioni unalikuta asubuhi palepale. Kwa hiyo nilipoamka mara ya kwanza Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikatoka na taulo begani kwenye saa nne asubuhi, sikuelewa nilichokiona. Jioni iliyotangulia maji yalikuwa yanapiga ukuta wa nyumba niliyofikia. Sasa bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, majani yaliyolala chini kama nywele zilizolowa, na ngalawa zimeegemea ubavu. Mbali kabisa, zaidi ya kilomita moja, ulionekana mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Kati yangu na mstari huo kulikuwa na wanawake wengi, wameinama.

Mama mwenye nyumba alinikuta nimesimama na taulo langu. "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya Julai. Akatikisa kichwa. "Nakuuliza mwezi, sikuulizi tarehe." Akanionesha kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni: mwezi kumi na sita. "Basi ni bamvua. Maji utayaona saa kumi."

Nimerudi Jambiani mara kadhaa tangu hapo, na kila rafiki anayeniuliza apange vipi safari yake namjibu vilevile: achana kwanza na bei ya chumba na siku za likizo, tazama umri wa mwezi. Watu wengi hufika siku yoyote, wakaikuta bahari imeondoka, wakarudi mjini na kusema ufukwe wa Jambiani haufai kuogelea. Unafaa sana. Hawakuuliza tu saa yake.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye hupatikana bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno. Katika bahari ya Unguja tofauti ya juu na chini hufika mita nne hivi. Mita nne kwenye ukuta wa bandari si jambo la kushangaza. Lakini Jambiani sakafu ya bahari, kutoka ufukweni hadi mwambani, ni karibu tambarare, ndiyo maana maji yakishuka kimo hicho huacha wazi uwanja mzima. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe saba au ishirini na mbili, mvuto huo hulegea, na hali hiyo huitwa maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana. Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa. Mimi niliyekuwa nikilitumia maisha yangu yote nilikuja kulielewa pale.

Saa nazo zina mpango wake. Siku za bamvua maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa kiasi, alasiri yametoka kidogo. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa za jana husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukishajua hayo unaweza kupanga siku tano bila kuuliza tena. Mimi hupenda kufika mwezi kumi na nne na kuondoka kumi na nane: asubuhi natembea juu ya sakafu ya bahari, jioni naogelea mahali palepale nilipokanyaga. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kucheza majini asubuhi, au anayechoka kutembea, afuate maji mafu.

Kutembea huko nje kuna hatari yake, na hapa naomba usome taratibu. Siku yangu ya pili nilikwenda mpaka karibu na mwamba. Maji ya madimbwi yalikuwa ya moto kama ya kuogea, na kila jiwe lilikuwa na kitu chini yake. Niliwaona wanawake wakianza kurudi na magunia kichwani, nikadhani wamemaliza kazi yao ya siku. Nikaendelea. Nilipogeuka, mbele yangu bado palikuwa pakavu, lakini mkondo niliouvuka asubuhi kwa maji ya kifundo cha mguu ulikuwa umenifika kiunoni, na unakwenda kwa nguvu. Bahari ile haikujii uso kwa uso ukaiona ikikaribia. Hupita kwanza kwenye mifereji ya chini, ikakuzunguka kwa nyuma, ukabaki juu ya fungu la mchanga ukiamini uko nchi kavu. Kijana mmoja mwenye ngalawa alinijia kwa pondo. "Kaka, maji yanajaa zamani haya," akasema, akanipandisha, akanishusha ufukweni na kwenda zake kuvua. Nilitetemeka mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo nina sheria moja. Naondoka ufukweni saa moja na nusu kabla maji hayajafika chini kabisa, na yakifika chini, nageuka, hata kama mbele yangu kuna kitu kizuri namna gani. Saa ya kwanza ya kujaa hudanganya kwa sababu maji hupanda polepole. Saa ya tatu na ya nne ndizo huleta nusu nzima ya maji yote, na siku ya bamvua hiyo ni kama mita moja kwa saa. Na ukiwaona wenyeji wanarudi, rudi nao. Usiingie bila viatu: mawe yanakata, na kwenye nyufa kuna viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyama. Kandambili hunaswa na tope na kukatika. Vaa viatu vya plastiki vya kufunga, vinapatikana sokoni kwa bei ndogo.

Ukifika kwa wale wanawake, umefika kwenye shamba. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara hapa Jambiani na jirani yake Paje mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kati yake kamba, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Baada ya wiki kama sita vishada vimekuwa vikubwa na huvunwa bamvua inapofika, kwa kuwa ndipo shamba hufikika kwa miguu. Mwani huo hukaushwa, husafirishwa nje, na hutolewa ute unaogandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Karibu kila mtu anayesoma hapa amewahi kuula bila kujua.

Kuna aina mbili. Ile inayouzwa bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa mashambani kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto. Iliyobaki, spinosamu, huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo, na kulihamisha shamba kwenye maji ya kina kunahitaji chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wakulima wengi hawakuwa navyo. Baadhi yao wameanza kulima sifongo za baharini, zinazoning'inia kwenye kamba majini. Nimekaa na bibi mmoja barazani akifunga mbegu kwa ajili ya kesho, vidole vyake vimepasuka kwa chumvi. Aliniambia shamba hilo ndilo lililosomesha wanawe. Sikupiga picha siku ile. Ukitaka kupiga, toa salamu kwanza, uombe, na ukikataliwa ukubali. Usivuke juu ya kamba, zunguka. Karibu na ufukwe utaona pia marundo ya mawe yaliyopangwa: chini yake kumefukiwa makumbi ya nazi, yanayolowekwa na maji ya kupwa na kujaa kwa miezi mpaka yalainike, yapondwe na kusokotwa kamba. Marundo hayo yana wenyewe, usiyakanyage wala kuokota mawe yake.

Mengine ni mepesi. Kutoka mjini panda daladala la 309. Barabara inapita msitu wa Jozani na Paje, nayo ni kama kilomita 55. Kijiji ni cha Waislamu, kwa hiyo nguo ya kuogelea ibaki majini, na ukipita vichochoroni jifunge kanga. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkali na bahari ya nje huchafuka, lakini ndani ya mwamba maji hutulia. Kula pweza. Wanawake humchokoa mwambani kwa kijiti maji yakiwa yametoka, humpiga juu ya jiwe mpaka alainike, kisha hupikwa kwa nazi. Muulize mpishi kama amevuliwa leo. Wakati wa maji mafu ni vigumu kumpata, na mpishi mkweli atakwambia.

Wanawake wa mwani hutengeneza pia sabuni kutokana na mavuno yao, kwa sababu kipande kimoja huwaingizia zaidi kuliko mwani mkavu wa uzito huohuo. Usisubiri kuinunua dukani uwanja wa ndege. Inunue palepale kijijini, mkononi mwa aliyeitengeneza, na umlipe bei aliyoitaja.