Ukisikia asilimia ya ufaulu, uliza waliofanya mtihani ni wangapi

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, mtaani swali ni moja: shule yetu imefaulisha asilimia ngapi? Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halitangazi tena shule kumi bora, lakini vijiweni orodha bado zinapangwa, na wapo wanaohamisha watoto kwa kuzifuata.

Fungua tovuti ya NECTA, chagua mkoa, halmashauri, kisha shule. Juu ya ukurasa utaona waliofanya mtihani na wastani wa shule kati ya alama 300, kwa kuwa masomo ni sita na kila moja lina alama 50. Aliyefaulu ni yule mwenye daraja A, B au C kwa jumla.

Sasa nenda kwa mwalimu mkuu na swali ambalo tovuti haina jibu lake: kundi hili lilipoanza darasa la kwanza lilikuwa na watoto wangapi? Tuseme waliandikishwa 120, wakafanya mtihani 70, wakafaulu 63. Hiyo ni asilimia 90, na shule itapongezwa. Ila kwa hesabu ya walioanza ni kama nusu tu. Hao 50 wako wapi? Wengine wamehama kihalali. Katika mji wa njia panda kama Makambako, penye barabara ya Songea na reli ya TAZARA, familia huja na kuondoka. Wengine wamekariri darasa, wengine ni watoro wa kudumu. Daftari la uandikishaji na barua za uhamisho hutenganisha makundi hayo, na mjumbe wa kamati ya shule ana kila sababu ya kuomba aelezwe.

Kinyume chake pia hutokea. Walioingia darasa la kwanza 2016, elimu bila malipo ilipoanza, walifika darasa la saba 2022. Mwaka huo ufaulu wa taifa ulishuka kutoka karibu asilimia 82 hadi chini ya 80, huku waliofaulu wakiongezeka kutoka laki tisa na ushee hadi zaidi ya milioni moja. Mimi siiti hiyo kushuka.

Kwa hiyo ukilinganisha shule mbili za mji wenu, chukua matokeo ya miaka mitatu, si mmoja. Palipo na watahiniwa 20, watoto wawili tu hubadili asilimia kumi. Kisha hesabu walimu: kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.