Orodha Inayopiga Hesabu: Kutumia Vigeu katika Faili la Maandishi Matupu

Orodha ya maandishi matupu ni faili lenye herufi, namba na alama peke yake, bila jedwali, rangi wala picha. Faili la namna hii, ambalo jina lake kwa kawaida huishia na .txt, hufunguka kwenye simu na kompyuta yoyote, huchukua nafasi ndogo mno, na hutumwa kwa mtu mwingine hata pale mtandao unaposuasua. Kasoro yake ni kwamba namba zake hazielezi zilikotoka. Aliyeandika "mbolea 600000" mwezi Novemba hawezi kukumbuka mwezi Juni kwamba kiasi hicho kilitokana na ekari ngapi, mifuko mingapi na bei ipi.

Kasoro hiyo huondolewa kwa kutumia vigeu. Kigeu ni jina linaloshika namba inayoweza kubadilika. Kila namba hupewa jina na kuandikwa mahali pamoja tu, kisha hesabu zote huandikwa kwa majina hayo. Bei ikibadilika, hurekebishwa mstari mmoja na majibu yote yanayoitegemea hubadilika nayo.

Kwa nini mkulima wa Songea anaihitaji

Songea na sehemu kubwa ya Mkoa wa Ruvuma hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Fedha za mbegu, mbolea na vibarua hutoka mwanzoni mwa msimu, ilhali bei ya mahindi hujulikana baada ya mavuno, miezi mingi baadaye. Kwa hiyo mkulima anayepanga bajeti ana namba za aina mbili: anazozijua, kama ukubwa wa shamba na bei ya mfuko wa mbolea dukani, na anazozikadiria, kama magunia atakayovuna kwa ekari na bei ya kilo. Orodha nzuri hutenganisha aina hizo mbili, ili makadirio yaweze kujaribiwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Programu ya kusomea orodha

Zipo programu nyingi zinazoweza kusoma faili la maandishi na kulipigia hesabu. Rahisi kuliko nyingi ni bc, iliyotengenezwa na Robert Morris na Lorinda Cherry katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1970. Hupatikana kwa urahisi kwenye kompyuta za Linux na Mac. Kwenye simu ya Android huwekwa kupitia programu ya bure iitwayo Termux, kwa amri moja:

pkg install bc

Bando linahitajika kwa hatua hiyo tu. Baada ya hapo hesabu zote hufanyika bila intaneti. Faili huandikwa ndani ya Termux kwa kihariri cha nano (nano shamba.txt), huhifadhiwa, kisha husomwa kwa amri hii:

bc < shamba.txt

Kuandika orodha

Mfano ufuatao ni wa shamba la mahindi la ekari tatu. Bei zake ni za kuonyesha tu, kwa sababu hubadilika kila msimu, na kila mkulima ataweka zake.

\# SHAMBA LA MAHINDI
scale = 2

\# Yanayojulikana
ekari = 3
kilo_mbegu = 10 # kwa ekari
bei_mbegu = 8000 # kwa kilo
kupandia = 1 # mifuko kwa ekari
bei_kupandia = 70000 # kwa mfuko wa kilo 50
kukuzia = 2 # mifuko kwa ekari
bei_kukuzia = 65000 # kwa mfuko wa kilo 50
kulima = 60000 # kwa ekari
palizi = 40000 # kwa ekari
kuvuna = 50000 # kwa ekari, pamoja na kupukuchua
nauli = 3000 # kwa gunia, hadi sokoni
kilo_gunia = 100
gunia_nyumbani = 8 # chakula cha familia

\# Yanayokadiriwa
gunia_ekari = 15
bei_kilo = 600

\# Hesabu
mbegu = ekari \* kilo_mbegu \* bei_mbegu
mbolea = ekari \* (kupandia \* bei_kupandia + kukuzia \* bei_kukuzia)
kazi = ekari \* (kulima + palizi + kuvuna)
shamba = mbegu + mbolea + kazi
mavuno = ekari \* gunia_ekari
kuuza = mavuno - gunia_nyumbani
gharama = shamba + kuuza \* nauli
mapato = kuuza \* kilo_gunia \* bei_kilo

\# Majibu
"Gharama zote: "; gharama
"Mapato: "; mapato
"Baki: "; mapato - gharama
"Gharama ya kuzalisha kilo: "; shamba / (mavuno \* kilo_gunia)
"Bei ya kurudisha fedha: "; gharama / (kuuza \* kilo_gunia)

Mstari unaoanza na alama ya reli (#) ni maelezo ya msomaji, na programu huuruka. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno yanayofuata alama hiyo katikati ya mstari. Alama ya nyota ni kuzidisha, mkwaju ni kugawanya, na mabano hufanya kazi kama katika hesabu za darasani. Mstari wa jina, alama ya sawasawa na namba huhifadhi thamani bila kuonyesha kitu. Mstari wa hesabu usio na alama ya sawasawa huonyesha jibu. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu huchapishwa kama yalivyo, na nukta-mkato huyaunganisha na jibu linalofuata.

Faili hili likisomwa, gharama zote ni shilingi 1401000, mapato ni 2220000 na baki ni 819000. Kuzalisha kilo moja kumegharimu shilingi 286.66, na bei inayorudisha fedha iliyotumika bila faida ni shilingi 378.64 kwa kilo. Bei hii ya mwisho imezidi gharama ya kuzalisha kwa sababu mbili: nauli imeingia, na magunia manane yaliyobaki nyumbani yamelimwa kwa fedha lakini hayakuuzwa. Mkulima anayelinganisha bei ya mnunuzi na gharama ya kuzalisha pekee hujiona na faida ambayo hana.

Kujaribu makadirio

Thamani ya orodha huonekana pale mstari mmoja unapobadilishwa. Bei ya kilo ikishushwa kutoka 600 hadi 450, faili likasomwa upya, baki hushuka hadi 264000. Bei ikirudishwa 600 na mavuno yakashushwa hadi magunia 8 kwa ekari, magunia ya kuuza hubaki 16 na baki huwa hasara ya 378000. Gharama ya kuzalisha kilo moja nayo hupanda hadi shilingi 537.50.

Majaribio hayo mawili yana funzo ambalo kikokotoo cha kawaida hakilionyeshi kwa urahisi. Katika mfano huu bei ikianguka kwa robo, mkulima bado anasalimika. Mavuno yakipungua karibu nusu, anapoteza hata bei ikiwa nzuri, kwa sababu gharama za shamba hulipwa kwa ekari, si kwa gunia. Anayefikiri kupunguza mbolea ili kuokoa fedha anapaswa kubadilisha mistari miwili kwa pamoja, wa mifuko ya kukuzia na wa magunia kwa ekari, kisha asome baki.

Vipimo viingie kwenye majina

Makosa mengi ya orodha hutokana na vipimo kuliko hesabu yenyewe. Debe hupima ujazo, hivyo uzito wa debe moja la mahindi hutegemea ukavu wa punje na namna lilivyojazwa. Njia salama ni kupima debe moja kwenye mizani na kuandika uzito huo kama kigeu, kwa mfano kilo_debe, badala ya kutegemea mazoea.

Gunia nalo linahitaji uangalifu kama huo. Lumbesa, yaani gunia lililoongezewa shehena juu ya kipimo chake, imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita nchini kote. Orodha huonyesha kwa nini. Mnunuzi anayetoa shilingi 60000 kwa gunia la kilo 100 ananunua kilo kwa shilingi 600. Gunia hilohilo likibebeshwa kilo 130 kwa bei ileile, kilo moja imeuzwa kwa shilingi 461.53:

60000 / 100
60000 / 130

Mkulima mwenye mistari hiyo miwili mkononi hujadiliana kwa kilo, na dalali hapati mwanya wa kuzungumzia magunia.

Unyevu na mpangilio wa hesabu

Wanunuzi wakubwa, wakiwemo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), hupima unyevu kabla ya kupokea mahindi. Kiwango cha juu katika viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yenye unyevu zaidi hulazimika kuanikwa, na maji yanapotoka uzito hupungua. Uzito mpya hupatikana kwa kuzidisha uzito wa mwanzo kwa sehemu kavu ya mwanzo, kisha kugawanya kwa sehemu kavu inayotakiwa. Mistari hii huongezwa mwishoni mwa faili:

unyevu = 16
unyevu_mwisho = 13.5
uzito = kuuza \* kilo_gunia
"Baada ya kuanika: "; uzito \* (100 - unyevu) / (100 - unyevu_mwisho)

Kwa magunia 37, yaani kilo 3700, jibu ni kilo 3593.06. Pungufu ni kilo 106.94, zaidi ya gunia zima, na kwa bei ya 600 ni shilingi zipatazo 64164. Kiasi hiki kinapaswa kujulikana kabla ya kukodi gari la kupeleka mzigo kituoni.

Hapa mpangilio una uzito wa pekee. Mstari wa scale = 2 huiambia bc ibakize tarakimu mbili baada ya nukta katika kugawanya, na zinazobaki hukatwa bila kukadiriwa. Kama 84 itagawanywa kwa 86.5 kwanza, jibu ni .97, na likizidishwa kwa 3700 hutoa 3589.00: kilo nne zimepotea kwenye hesabu, si kwenye jamvi. Bila mstari wa scale hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa jibu la kugawanya huko huwa 0. Kanuni ni kuzidisha kwanza na kugawanya mwisho, na kuweka scale juu kabisa ya faili.

Makosa ya kuchunga

Kosa la hatari zaidi ni jina lililoandikwa vibaya. Programu ya bc haikatai jina isilolijua, bali hulichukulia kuwa sifuri. Mtu akiandika bei_mbgu badala ya bei_mbegu, gharama ya mbegu huwa 0 na faida huonekana kubwa kuliko ilivyo, bila onyo lolote. Dawa yake ni kuchapisha pia majibu ya kati, kama mbegu, mbolea na kazi, ili sifuri isiyostahili ionekane mara moja.

Majina huandikwa kwa herufi ndogo, na yanaweza kuwa na tarakimu na mstari wa chini, ila huanza na herufi. Herufi kubwa huleta kosa, kwa hiyo kibodi ya simu inayoanza kila mstari kwa herufi kubwa izimwe mazoea hayo. Namba haziwekewi mkato wa maelfu: 70000 hukubaliwa, 70,000 hukataliwa. Sehemu ya desimali hutengwa kwa nukta.

Programu husoma kutoka juu kwenda chini. Bei ikibadilishwa chini ya mstari wa mapato, mapato yaliyokwisha kuhesabiwa hayabadiliki, na ndiyo sababu namba zote hutangulia hesabu zote. Mstari wa mwisho nao ufungwe kwa kubonyeza kitufe cha kushuka mstari. Orodha inapotumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili badala ya kunakiliwa ndani ya ujumbe, kwa kuwa WhatsApp hutumia nyota na mstari wa chini kupamba herufi na inaweza kuharibu hesabu.

Matumizi mengine na utunzaji

Mtindo huu hufaa kila mahali penye namba zinazotegemeana. Katibu wa kikundi cha kuweka akiba na kukopa (VICOBA) huweka fedha_mfuko = 3600000 na hisa_zote = 900, kisha mgao wa mwanachama mwenye hisa 40 ni 40 \* fedha_mfuko / hisa_zote, yaani shilingi 160000. Wanachama wote wanaweza kusoma mstari huo na kuuhakiki, jambo linaloondoa minong'ono siku ya kugawana. Mama lishe huweka bei ya mchele, mkaa na mafuta, na kupata gharama ya sahani moja.

Kila msimu huwa na faili lake, lenye mwaka ndani ya jina. Faili la msimu mpya huanza kama nakala ya lililopita, na namba hubadilishwa kadiri bei mpya zinavyojulikana. Baada ya mauzo, mistari ya makadirio hujazwa namba halisi za mavuno na bei, na faili huhifadhiwa hivyo pamoja na nakala kwenye simu nyingine au kompyuta. Baada ya misimu kadhaa mkulima huwa na rekodi ya shamba lake mwenyewe, na makadirio ya magunia kwa ekari hutoka kwenye rekodi hiyo.