Redio na Betri ya Gari

Jirani yangu aliunga redio yake kwenye betri ya gari. Redio ilitoa sauti, kisha moshi, ikanyamaza. Kwa nini?

Fungua redio yako nyuma. Hesabu mawe yake. Kila jiwe lina volti 1.5. Mawe manne ni volti 6. Mawe manane ni volti 12, sawa na betri ya gari. Redio ya jirani ilikuwa ya mawe manne.

Yako ni ya mawe manane? Unga + ya redio na + ya betri, − na −. Weka fyuzi kwenye waya wa +, karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana, fyuzi hukatika. Isipokuwapo, nyaya huwaka, na wengi wetu tumeezeka kwa makuti.