Mavazi ya Mpanda Mtumbwi

Mwanafunzi wa Kituntu, katika nyanda za juu za Karagwe, huvaa sweta asubuhi na kulivua jua lipandapo. Akienda kupanda mtumbwi katika Ziwa Burigi au Ziwa Victoria, kipimo hicho hakimfai tena. Yampasa avae kwa kufuata joto la maji, si la hewa.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Maji ya Ziwa Victoria yana nyuzi zipatazo 25 za Selsiasi, na mwili una 37. Hata humo, aliyepinduka akakaa majini saa nyingi hupoa. Katika ghuba nyembamba za Norway ziitwazo fjodi, ambako watalii huteremka melini kuendesha kayaki, maji mara nyingi huwa chini ya nyuzi 15. Huko hatari huanza dakika ya kwanza: mtu hutweta bila kutaka, akameza maji. Ndiyo sababu huvaliwa vazi lisilopenyeza maji, na sufu ndani yake.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Makopo mawili hujazwa maji ya moto. Moja huvikwa kitambaa kikavu cha pamba, la pili kilicholoweshwa. Yakiwekwa penye upepo na kupimwa kila dakika 5, la pili hutangulia kupoa, kwani kila gramu ya maji igeukayo mvuke huchukua jouli 2,400 hivi. Jaribio lirudiwe kwa sufu, ambayo hata ikilowa hushika hewa kidogo.

Jaketi la kujiokolea huvaliwa juu ya yote, likafungwa kabla ya kuondoka ufukoni. Lililotandikwa chini likaliwe halimfikii aliyekwisha kupinduka.