Mafuta ya Dizeli, Chapa Zake, na Mlima Kilimanjaro

Nchini Tanzania kituo chochote cha mafuta huitwa sheli, hata kama kibao kilichosimama mbele yake ni cha Puma, TotalEnergies, Oryx au Lake Oil. Lugha ya mitaani imekwisha kuziunganisha chapa zote katika neno moja, lakini madereva wenyewe hawaziunganishi hata kidogo. Mjini Moshi si ajabu kumsikia dereva wa Coaster au wa gari la watalii akisema kwamba mafuta ya kituo hiki yana nguvu na ya kile ni mepesi, na kwa imani hiyo akavipita vituo vitatu ili ajaze katika cha nne. Mafuta humeza sehemu kubwa ya mapato ya gari kila siku, na pampu ikiharibika huweza kumaliza akiba ya miezi mingi. Kwa hiyo jambo hili si la porojo, nalo lastahili kuchunguzwa kwa njia za fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Kwanza yafaa kukumbuka jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, mhandisi aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuonyesha injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Injini hiyo haina plagi za kutoa cheche kama ile ya petroli. Hewa peke yake huingia katika silinda, kisha pistoni huibana mpaka ujazo wake uwe kama sehemu moja ya 16 hadi 22 ya ujazo wa awali. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi, na mafuta yanapopulizwa ndani yake kupitia nozeli huwaka yenyewe. Hayawaki papo hapo, bali hupita muda mfupi sana kati ya kupulizwa na kuwaka. Wepesi huo wa kuwaka ndio unaopimwa kwa namba ya setani. Setani, yaani hidrokaboni yenye atomi 16 za kaboni na 34 za hidrojeni, imepewa namba 100. Mafuta yenye namba ndogo mno huchelewa kuwaka, hujikusanya katika silinda, kisha huwaka kwa kishindo, na hapo injini husikika ikigonga. Lakini namba ikishatosheleza mahitaji ya injini, kuiongeza zaidi hakuongezi nguvu.

Nishati ni jambo jingine. Kilo moja ya dizeli ikiungua hutoa megajuli 43 hivi, na lita moja hutoa kama megajuli 36. Kwa kuwa mafuta huuzwa kwa lita wala si kwa kilo, dizeli nzito humpa mnunuzi nishati zaidi kidogo kuliko nyepesi. Densiti ya dizeli huwa kati ya kilo 0.82 na 0.86 kwa lita, hivyo tofauti ya nishati kati ya dizeli nyepesi kabisa na nzito kabisa yaweza kufika karibu asilimia 4. Basi dereva asemaye kwamba mafuta fulani ni mepesi hakusema neno lisilo na maana. Swali ni kama wepesi huo unatokana na chapa.

Hapo ndipo hoja ya chapa inapoanza kulegea. Tangu utaratibu wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja uanze Tanzania, katika miaka ya 2011 na 2012, kampuni nyingi hushirikiana shehena ya meli moja. Bei kikomo za mikoa ya kaskazini, Kilimanjaro ikiwamo, hupangwa na EWURA kwa kuzingatia mafuta yanayopokelewa katika bandari ya Tanga. Kwa hiyo vituo viwili vinavyotazamana katika barabara moja ya Moshi, kimoja kikiwa na kibao chekundu na kingine cha rangi nyingine, yamkini vinauza mafuta yaliyotoka katika tumbo la meli ile ile. Kinachoweza kuvitofautisha ni viungo ambavyo baadhi ya kampuni huongeza, hasa vya kusafisha nozeli. Viungo hivyo huwekwa kwa kiasi kidogo sana, navyo havibebi nishati ya kuhesabika. Nozeli zilizoziba masizi huweza kunufaika navyo baada ya muda. Nozeli safi hazina cha kusafishwa.

Mlima nao wadai haki yake

Mtazame dereva aliyejaza tangi mjini Tanga, pwani kabisa, akasafiri hadi Moshi, akaongeza mafuta ya chapa nyingine, kisha akapanda kuelekea lango la Marangu. Huko juu gari linatoa moshi mweusi, halivuti, na mshale wa mafuta unashuka upesi. Je, si haki ayalaumu mafuta ya Moshi?

Moshi iko kwenye mwinuko wa kama mita 850, na lango la Marangu liko kama mita 1,000 juu zaidi. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kwa hesabu ya hewa ya kiwango, ujazo ule ule wa silinda hupata Moshi hewa pungufu kwa asilimia 8 hivi kuliko pwani, na langoni Marangu pungufu kwa asilimia 17 hivi. Injini isiyo na tabochaji, kama ile 1HZ ya Toyota ambayo imebeba watalii wengi katika magari ya Land Cruiser, haina namna ya kuifidia hasara hiyo. Pampu ikipeleka kiasi kile kile cha mafuta ilhali oksijeni imepungua, sehemu ya mafuta haiungui sawasawa na kaboni yake hutoka kwenye ekzosi ikiwa masizi meusi. Mafuta hayana kosa, na dereva angebaki na chapa ya Tanga angeuona moshi ule ule.

Hesabu ya kazi ya kupanda ina funzo kubwa zaidi, na mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe. Gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na abiria likipandishwa mita 1,000, kazi inayofanyika dhidi ya mvutano wa dunia ni 2,500 × 9.8 × 1,000, yaani juli milioni 24.5, sawa na megajuli 24.5. Injini hugeuza takriban asilimia 30 tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi, hivyo zinahitajika megajuli 82 hivi za mafuta. Ukigawa kwa 36 utapata lita 2.3. Hizo ni lita za kupanda peke yake, mbali na zile za kushinda upepo na msuguano wa magurudumu. Wakati wa kushuka dereva hurudishiwa sehemu tu ya nishati hiyo. Nyingine huishia kuwa joto katika breki. Sasa linganisha: chapa moja ikiwa bora kuliko nyingine kwa asilimia 2, ambayo ni tofauti kubwa kwa mafuta halali, faida yake katika lita 20 ni lita 0.4. Safari moja tu ya ziada ya kupeleka mzigo Marangu huimeza faida hiyo zaidi ya mara 5.

Jaribio la haki

Walimu wengine watapenda kulijaribu jambo hili kwa gari la shule. Ni jaribio zuri, lakini halina urahisi unaodhaniwa. Kujaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe huweza kuleta hitilafu ya lita moja, kwa kuwa gari likiinama kidogo hewa hubaki ndani. Lita moja katika lita 50 ni asilimia 2, yaani sawa na tofauti yenyewe inayotafutwa. Upepo wa matairi, idadi ya abiria, foleni za mjini na tope la masika huongeza mtawanyiko zaidi. Tena dereva asiambiwe ni chapa gani iliyo ndani ya tangi, maana anayeyaamini mafuta huendesha kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaookoa mafuta.

Tuseme matokeo ya tangi moja hadi jingine hutawanyika kwa asilimia 4 kwa kila upande wa wastani. Kosa la tofauti kati ya wastani mbili, kila moja ikiwa imetokana na matangi n, ni 4 mara kipeuo cha pili cha 2/n, kwa asilimia. Ili tofauti ya asilimia 2 iaminike, inafaa iwe angalau mara mbili ya kosa hilo, yaani kosa lisizidi asilimia 1. Jawabu la n ni 32. Kwa chapa mbili ni matangi 64, na gari linalojazwa mara moja kwa wiki litahitaji zaidi ya mwaka mmoja. Dereva aliyekata shauri baada ya matangi mawili ameipima bahati yake tu.

Palipo na hatari ya kweli

Kinachoweza kuliumiza gari kwa hakika ni uchakachuaji na maji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya udanganyifu. Mafuta ya taa yana mnato mdogo, wala hayalainishi pampu kama dizeli. Injini za kisasa hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 1,500 ya ule wa hewa ya kawaida, na vyuma vyake hupishana kwa nafasi ya maikromita chache. Humo ukavu au chembe ya mchanga hufanya uharibifu upesi. Ndiyo maana kituo kinachouza mafuta mengi, ambayo hayakai, na ambacho hutoa maji chini ya matangi yake, ni bora kuliko kibao chenye sifa.

Je, haidromita ya maabara ya shule inaweza kuukamata uchakachuaji? Chukua dizeli yenye densiti ya 0.850 na mafuta ya taa yenye 0.800. Mchanganyiko wenye asilimia 20 ya mafuta ya taa utakuwa na 0.840, ambayo bado ni densiti ya dizeli halali kabisa. Zaidi ya hayo, densiti ya dizeli hupungua kwa kama 0.0007 kwa kila nyuzi moja ya joto. Sampuli iliyoachwa juani ikazidi joto la mwenzake kwa nyuzi 15 itasoma pungufu kwa karibu 0.010, sawa na iliyochanganywa. Kwa hiyo kipimajoto kitumike pamoja na haidromita, madirisha yawe wazi, na pasiwe na moto wala jiko karibu. Wanafunzi na watafute: ni asilimia ngapi ya mafuta ya taa itakayoishusha dizeli hiyo ya 0.850 hadi 0.820, na je, mchanganyiko huo bado ungeweza kupita kwenye haidromita kama dizeli nyepesi?