SAUTI YA KUSAGA CHINI YA GARI
Somo kwa wenye Land Rover za zamani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam katika mwaka wa 1948, na magari ya ukoo ule yaliendelea kutengenezwa mpaka mwaka wa 1985. Hata leo yaonekana mashambani, mengine yamekwisha badilishwa injini na kupakwa rangi mara nyingi. Sifa yao kubwa ni kwamba fundi mwenye spana chache aweza kuyafungua na kuyafunga tena. Walakini gari lililozeeka hupiga kelele nyingi, na katika hizo iliyo ya kuogopwa zaidi ni ile ya kusaga, mfano wa jiwe la kusagia mtama lililokosa mtama.

Madereva wengi, wakiisikia sauti hiyo, hukimbilia kununua beringi. Hiyo ni hasara. Chuma huchukua sauti mbali, hata sauti ya gurudumu la nyuma yaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti cha dereva. Yafaa kujua kwanza sauti yenyewe yafuata nini. Maana vyombo vilivyo chini ya gari haviendi kwa mwendo mmoja: vingine huzunguka pamoja na injini, ijapokuwa gari limesimama, vingine huzunguka pamoja na magurudumu, ijapokuwa injini haivuti, na vingine havisagi mpaka mguu uguse breki.

Basi simamisha gari mahali palipo sawasawa, injini iwe inakwenda, gia imetolewa. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi. Ikiwa sauti ilikuwapo nayo yakoma ukanyagapo, shuku beringi za giaboksi. Ikiwa haikuwapo nayo yaanza ukanyagapo, ni beringi ya klachi yenyewe. Ikiwa husikii kitu katika hali zote mbili, ondoka uende barabarani.

Chagua njia tambarare isiyo na watu. Ukifika mwendo wa kilometa 40 hivi kwa saa, toa gia, uliache gari liende lenyewe, lakini usizime injini. Sauti ikiendelea, ikapungua kadiri gari lipunguavyo mwendo, basi yafuata magurudumu: ni beringi za habu, au krosi za propela, au difu. Difu hujulikana kwa kuwa sauti yake hubadilika ukanyagapo mafuta na uyaachiapo. Beringi ya gurudumu haijali mafuta, bali yajali uzito. Ukikata kona kwenda kushoto, uzito wa gari huhamia kulia. Sauti ikizidi hapo, tazama magurudumu ya kulia kwanza. Krosi iliyokufa, kwa desturi, hugonga mara moja gari linapoanza kuondoka, kabla haijafika siku ya kusaga.

Sauti ijayo wakati wa breki tu haihitaji uchunguzi mrefu. Breki-shuu zimekwisha, na ribiti zake zakwaruza dramu. Gari hilo lisiteremke mlima wo wote. Dramu likiisha pata mifereji, shuu mpya hazitashika sawasawa mpaka dramu lichongwe au libadilishwe.

Sasa twafika penye hatari, nayo yapasa kuelezwa kwa urefu. Ili kupima beringi ya gurudumu huna budi kuliinua gari kwa jeki. Breki ya mkono ya magari haya haishiki magurudumu yenyewe. Yashika propela ya nyuma, katika dramu dogo lililo nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lile la hewani lizunguke upande mmoja na lile la chini lizunguke upande wa pili, na gari laweza kuteremka juu ya jeki ingawa breki ya mkono imekazwa barabara. Kwa hiyo weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yote yaliyobaki chini. Tena mtu asiingie uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake; ekseli iegemezwe juu ya kitu imara.

Yakiisha kuwa salama hayo, lizungushe gurudumu polepole kwa mkono, kisha ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki. Kucheza kukikoma, beringi imelegea. Kusipokoma, na gurudumu ni la mbele, tazama pini ligeukiapo. Beringi iliyolegea tu yaweza kukazwa, bali iliyokwisha kuingia kutu au kuwa na mashimo haina dawa.

Fungua vilevile kizibo cha mafuta ya difu, uchovye kidole. Mafuta yakipungua, jaza ya namba EP90. Yakimetameta kwa chembe za chuma, meno au beringi zimeanza kuliwa.

Liko jambo moja linalowapoteza hata mafundi. Gari liendapo kwa magurudumu ya nyuma tu, propela ya mbele nayo yazunguka, kwa kuwa yazungushwa na magurudumu ya mbele, isipokuwa habu za gari zimefanyizwa za kufunguliwa. Ukiishuku, ifungue bolti zake pande zote mbili, uiondoe, uende safari fupi. Sauti ikitoweka, umeokoa fedha za difu. Unapoirudisha, kaza nati sawasawa, kisha zitazame tena baada ya siku moja ya safari, kwa maana mtikisiko wa njia mbovu huzilegeza.